Testosteroni ya baba mdogo imesoma 2.28, ameambiwa aanze sindano Jumatatu. Naomba ushauri

Kijana_wa_Pasua (mleta mada)

Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni.

Nauliza kwa niaba ya baba yangu mdogo, miaka 57, yuko hapa Moshi. Analalamika kuchoka, kitambi kimeongezeka, hamu ya tendo imepungua na jogoo wa alfajiri hawiki kama zamani. Usiku anaamka kukojoa mara tatu, na kuna siku anatokwa jasho mpaka shuka linalowa. Ana presha na sukari. Dawa zake ni amlodipini miligramu 10, bendrofluazaidi miligramu 5 na metformini miligramu 500 mara mbili kwa siku. Uzito kilo 96, urefu sentimita 168.

Alipima kituo kimoja, karatasi ina mstari mmoja tu: testosteroni (homoni ya kiume) 2.28 ng/ml. Mtandaoni naona kawaida inaanzia 300! Ameambiwa homoni zimeisha kwa umri, achomwe miligramu 250 kila wiki mbili, na ya kwanza ni Jumatatu. Je, zimeisha kweli? Achomwe?

---

BenchiLaMaabara

Mkuu, tulia kwanza. 2.28 yako na 300 ya mtandaoni haziko kwenye kipimo kimoja. Karatasi yako inahesabu kwa mililita, ile 300 inahesabiwa kwa desilita. Desilita moja ni mililita 100, kwa hiyo 2.28 ng/ml ni 228 ng/dl. Ukikutana na karatasi ya nmol/l, chukua ng/dl zidisha kwa 0.0347: 228 inakuwa 7.9 nmol/l. Ndiyo, iko chini. Marekani madaktari wa mkojo wanatumia mpaka wa 300 ng/dl. Ulaya wengi wanasema chini ya 8 nmol/l ni upungufu, 8 mpaka 12 ni eneo la mashaka, juu ya 12 tafuta sababu nyingine ya dalili. Baba mdogo yuko chini kidogo ya mstari wa 8. Hazijaisha.

Sasa angalia pembeni ya karatasi palipoandikwa muda wa kuchukua sampuli. Ni saa ngapi? Na alikuwa amekula?

---

Kijana_wa_Pasua

Imeandikwa 15:10. Alipita hotelini kwanza, alikula machalari (ndizi na nyama) na soda.

---

BenchiLaMaabara

Basi majibu hayo huwezi kuyajengea matibabu ya maisha yote. Testosteroni hupanda usiku mtu akiwa usingizini, inafika kileleni asubuhi, halafu inateremka mchana. Kwa kijana mteremko ni mkali. Kwa mtu wa miaka 57 umepungua lakini bado upo. Chakula nacho kinashusha: sukari ikiingia mwilini, kipimo kinaweza kuanguka karibu robo kwa saa kadhaa. Saa 9 alasiri baada ya machalari na soda, zote mbili zimemkuta.

Arudie hivi. Asile kuanzia saa 2 usiku, maji ruksa. Alale usiku mzima. Damu ichukuliwe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, na mapema ni bora. Ikitoka chini, irudiwe siku nyingine kabisa, maabara ileile, saa ileile. Mara mbili ndiyo kanuni, maana kipimo hiki kinayumba chenyewe siku hadi siku hata kwa mtu mzima wa afya. Kama ametoka kuumwa malaria au nimonia, asubiri wiki tatu nne, kwa sababu mwili unaopambana na ugonjwa unapunguza homoni hii kwa muda. Anayefanya kazi ya ulinzi usiku yeye ahesabu kuanzia alipoamka, asiangalie saa ya ukutani.

Jambo moja linasahaulika sana: vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini. Mashine nyingi za homoni zinatumia kemia inayovurugwa na bayotini, na testosteroni inaweza kusoma juu kuliko ilivyo. Aviache siku mbili tatu kabla.

---

Mganga_Mkongwe_Njiro

Mleta mada, umefanya vizuri kuuliza kabla ya Jumatatu. Huyo mzee asichomwe bado. Nieleze kwa urefu kidogo, maana hapa ndipo watu wanapopotezwa.

Neno "andropozi" linawafanya watu wafikiri mwanaume anafikia ukomo kama mwanamke. Haiko hivyo. Kwa mwanamke ovari zinafunga kazi ndani ya miaka michache. Kwa mwanaume testosteroni inateremka polepole, kama asilimia 1 kwa mwaka kuanzia miaka ya 30 na 40, na wanaume wengi wa miaka 70 bado wako ndani ya kiwango. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa 2010 ulipima wanaume wa miaka 40 hadi 79. Walipodai dalili na kipimo kwa pamoja, waliobaki na upungufu wa uzeeni walikuwa takriban asilimia 2 tu. Na dalili zilizofungamana kweli na homoni zilikuwa tatu: kusimama kwa asubuhi kupungua, hamu kupungua, na uume kushindwa kusimama. Uchovu na huzuni vina sababu mia nyingine.

Kwa hiyo mtu wa miaka 57 akisoma 7.9, umri peke yake hautoshi kueleza. Tafuta kinachoishusha. Kwa huyu ninaona viwili bila hata kumgusa: kilo 96 kwa sentimita 168, na sukari. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni (homoni ya kike), na kitambi pamoja na sukari vinapooza amri inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye korodani.

Tena unene unashusha protini inayobeba homoni kwenye damu, ile SHBG. Fikiria stendi ya Moshi: testosteroni nyingi imepanda gari, sehemu kubwa imekaa kwenye SHBG na albumini, na asilimia 2 hivi ndiyo iliyoshuka na kuingia mitaani kufanya kazi. Kipimo cha jumla kinahesabu abiria wote. Mtu mnene ana magari machache, hesabu ya jumla inaanguka, kumbe walioko mitaani wanaweza kuwa wanatosha. Kwa mzee mwembamba ni kinyume: umri unaongeza SHBG, jumla inaonekana nzuri huku walioshuka ni wachache. Ndiyo maana aliye eneo la mashaka hupimwa SHBG na albumini, kisha homoni huru ikapigiwa hesabu.

Siku ya kurudia, aombe na hivi: LH na FSH (homoni za ubongoni zinazoziamuru korodani), prolaktini (homoni ya maziwa), TSH ya tezi ya shingo, picha kamili ya damu, sukari ya wastani wa miezi mitatu (HbA1c), figo, ini na PSA ya tezi dume. LH ndiyo inayokuonyesha pa kwenda. Testosteroni chini na LH juu maana yake amri inatoka lakini korodani zimechoka: matubwitubwi ya ukubwani, jeraha, mionzi, au maumbile ya kuzaliwa. Testosteroni chini na LH ikiwa chini au ya kawaida, tatizo liko juu: kitambi, sukari, dawa, au tezi ya pituitari yenyewe, ile ndogo chini ya ubongo. Ikishuka chini ya 5.2 nmol/l huku LH iko chini, au prolaktini iko juu sana, au mgonjwa ana kichwa kinachouma na macho yasiyoona pembeni, huyo anahitaji picha ya MRI ya pituitari. Anayeanza na sindano bila LH anaificha habari hiyo, kwa sababu sindano yenyewe inaizima LH.

Daktari ampapase pia. Korodani ya mtu mzima ina ujazo wa mililita 15 hadi 25. Zikiwa ndogo na laini, au matiti yamevimba na yanauma, hiyo ni habari.

Halafu jasho la usiku. Hili limenigutusha kuliko 2.28. Jasho la homoni kwa mwanaume hutokea testosteroni ikiwa imeanguka sana, mfano baada ya matibabu ya saratani ya tezi dume. Kwa 7.9 si rahisi liletwe na homoni. Shuka kulowa kwa mwenye kisukari hapa kwetu, tafuta kifua kikuu kwanza: makohozi na picha ya kifua. Apime na VVU. Uliza kama amepungua uzito bila kutaka, kama anakohoa zaidi ya wiki mbili. Hili lisisubiri wiki ya homoni.

Huko kukojoa mara tatu usiku: sukari isiyodhibitiwa, tezi dume kuwa kubwa, bendrofluazaidi kunywewa jioni, au kukatika pumzi usingizini. Je, anakoroma?

---

Kijana_wa_Pasua

Shikamoo mzee wangu. Anakoroma mpaka chumba cha pili, na mama mdogo anasema kuna wakati ananyamaza kabisa halafu anashtuka kama aliyekuwa anazama. Kukohoa hapana. Bendrofluazaidi kweli anakunywa jioni.

---

Mganga_Mkongwe_Njiro

Marahaba. Huko kunyamaza na kushtuka ndiko kukatika pumzi. Pima shingo: kwa mwanaume ikizidi sentimita 40, shaka inaongezeka. Mtu wa namna hiyo analala kwa muda wa saa nane lakini mwili haulali, na homoni inayotengenezwa usingizini inakosa nafasi. Watafiti wa Chicago mwaka 2011 waliwalaza vijana kwa muda wa saa tano tu kila usiku, kwa wiki moja, testosteroni yao ya mchana ikashuka asilimia 10 hadi 15. Na sindano ya testosteroni inaweza kuzidisha kukatika pumzi. Unaona mduara?

Alale ubavu, asinywe pombe saa nne kabla ya kulala, apunguze uzito, na daktari ampe rufaa ya uchunguzi wa usingizi. Bendrofluazaidi ihamie asubuhi.

---

Mti_na_Mizizi

Wakuu mnazunguka sana. Vumbi la Kongo kijiko kimoja kwenye uji, siku tatu tu anaamka. Halina kemikali.

---

Dawa_na_Dozi

Ndugu yangu, hapa tunazungumzia mtu mwenye presha na kisukari. Unga usio na lebo, usio na namba ya usajili, hakuna anayejua kijiko kina nini. Duniani kote dawa za "asili" za nguvu za kiume zimekutwa mara nyingi zimechanganywa sildenafili kwa siri, wakati mwingine kwa kiasi kikubwa. Inafanya kazi kwa sababu hiyo hiyo. Hatari ni pale mtu anapotumia dawa ya moyo ya kundi la naitreti, ile kidonge cha chini ya ulimi au aisosobaidi. Mchanganyiko huo unaangusha presha ghafla, mtu anafia kitandani. Na hata ukisimamisha uume, unga huo haugusi testosteroni. Hamu, mifupa na damu vinabaki palepale.

Kama tatizo ni kusimama, basi sildenafili ya kweli, kwa cheti, kutoka duka lililosajiliwa. Huanza miligramu 50, au 25 kwa mwenye zaidi ya miaka 65 au anayetumia dawa za tezi dume kama tamsulosini. Anywe saa moja kabla, tumbo likiwa halina mafuta mengi, maana nyama choma inaichelewesha. Bila msisimko haifanyi kitu. Wengi wanajaribu mara moja, wanasema imeshindwa, wakati waliinywa juu ya sahani ya kitimoto. Wajaribu walau mara nne siku tofauti. Kusimama kukizidi saa nne, hospitali usiku huohuo.

Kabla ya yote hayo, moyo uangaliwe. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4. Uchafu uleule unaziba mwembamba kwanza. Kwa mwenye presha na sukari, jogoo kunyamaza kunaweza kutangulia maumivu ya kifua kwa miaka miwili mpaka mitano. ECG (umeme wa moyo) na lehemu ya damu apime.

Kwenye orodha yake ya dawa: amlodipini haina shida kubwa. Bendrofluazaidi inajulikana kupunguza nguvu za kusimama, na miligramu 5 ni kipimo kikubwa kwa presha, kawaida 2.5 inatosha. Asiiache mwenyewe. Amwombe daktari apunguze au ambadilishie, losatani ni mfano mzuri kwa mwenye sukari. Metformini ya miaka mingi inapunguza vitamini B12, na hiyo huleta uchovu na ganzi miguuni, nayo ipimwe.

Uliza pia kimyakimya kama anatumia tramado kwa mgongo, dawa za kichwa za hospitali ya akili, ketokonazo ya kumeza (dawa ya fangasi), au vidonge vya "kunenepesha" na dawa za viungo za mtaani. Hizi za mwisho mara nyingine zina deksamethasoni au predinisoloni. Steroidi za muda mrefu na tramado zote zinaizima amri ya ubongo. Ikionekana ametumia steroidi miezi mingi, asikate ghafla, tezi za juu ya figo zitakuwa zimelala na anaweza kuzimia. Daktari ateremshe kidogokidogo.

---

Kijana_wa_Pasua

Asante sana mkuu. Tramado ameshawahi, mgongo, nitauliza vizuri. Sasa hiyo sindano, ikithibitika anahitaji, ubaya wake ni nini?

---

Mganga_Mkongwe_Njiro

Ikithibitika mara mbili asubuhi, dalili zipo, na sababu zinazorekebishika zimeshughulikiwa, sindano ni dawa halali na inasaidia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2016, wanaume 790 wa miaka 65 kwenda juu, ulionyesha hamu na tendo vinapanda kiasi. Nguvu za mwili na uchangamfu havikubadilika kama watu wanavyoahidiwa. Mwaka 2023 ukatoka mwingine wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye hatari ya moyo: shambulio la moyo na kiharusi havikuongezeka, lakini mapigo ya moyo kwenda ovyo, damu kuganda kwenye mapafu na majeraha ya figo vilikuwa vingi zaidi kwa waliopata dawa.

Asipewe mwenye saratani ya tezi dume au ya titi, mwenye moyo ulioshindwa usiodhibitiwa, mwenye kukatika pumzi kusikotibiwa, aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miezi sita, na anayetaka mtoto. Hili la mwisho haliulizwi. Korodani zikiona testosteroni imetoka nje, zinaacha kutengeneza, zinasinyaa, mbegu zinaisha. Wapo wanaume wa miaka 57 walioko kwenye ndoa changa. Ukiacha, kiwanda kinaweza kuchukua miezi mingi kuamka.

Damu pia. Testosteroni inaongeza chembe nyekundu. Hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu) ikiwa juu ya asilimia 48 kabla ya kuanza, usianze bila kujua sababu. Ikipita 54 ukiwa kwenye dawa, simamisha. Arusha tuko mita 1,400 hivi, wanaokaa juu zaidi milimani damu yao ni nzito kidogo kwa asili, daktari alijue hilo anaposoma namba. Na mkorofi mwingine wa damu nzito ni huo huo usingizi wa kukatika pumzi.

Miligramu 250 kila wiki mbili ni kipimo kinachotumika, lakini kinapanda kama mlima na kuteremka kama bonde: siku za kwanza mtu ana hasira na nguvu, mwisho wa wiki ya pili amenyong'onyea. Ukipima, pima katikati ya sindano mbili. PSA na damu virudiwe kati ya miezi 3 na 6, halafu kila mwaka. Ukiambiwa "choma tu, njoo baada ya wiki mbili" bila ratiba hiyo, ondoka.

---

BenchiLaMaabara

Nyongeza kuhusu PSA: asimwage mbegu siku mbili kabla, asiendeshe baiskeli ndefu, na kama ana maambukizi ya mkojo yatibiwe kwanza, asubiri wiki sita. Akiwa anatumia finasteridi (dawa ya tezi dume) zaidi ya miezi sita, namba ya PSA zidisha kwa mbili ndiyo uisome.

---

Sahani_ya_Kiborloni

Nami niseme la chakula, maana naona mmelitaja kitambi mkapita.

Chukua utepe wa fundi cherehani. Asimame, ashushe pumzi kawaida, asivute tumbo. Tafuta mbavu ya mwisho ubavuni na mfupa wa nyonga, pita katikati yake. Sentimita 94 ni mstari wa tahadhari kwa mwanaume, 102 ni hatari. Andika tarehe na namba ukutani, pima kila baada ya wiki mbili, asubuhi.

Kwa kilo 96, lengo la kwanza ni kuondoa kilo 9 au 10 ndani ya miezi sita mpaka tisa. Kupungua asilimia 10 kwa chakula hupandisha testosteroni kwa wastani wa nanomoli 2 hadi 3. Kutoka 7.9 hiyo inamfikisha karibu 10 au 11 bila sindano, na sukari inashuka pamoja.

Soda iondoke leo. Chupa ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, vijiko vya chai tisa. Machalari abaki nayo, ila ndizi zikae robo ya sahani, nyama isiyo na mafuta robo, nusu iwe mnafu, sukumawiki au mchicha. Watu wanaharibu kwa kurudia sahani na mafuta ya juu ya supu. Mbege nayo ni ndizi na ulezi, ni chakula na pombe kwa pamoja, kibuyu kimoja jioni kinafuta jasho la asubuhi. Bia ya mililita 500 ya asilimia 5 ina gramu 20 za pombe. Pombe nyingi inaumiza chembe zinazotengeneza testosteroni, na ini likichoka estrojeni inapanda, matiti yanavimba. Karanga, pweza na tangawizi ale kama chakula, homoni havipandishi. Zinki inasaidia aliyepungukiwa tu.

Mazoezi: kutembea haraka dakika 30 siku tano, na siku mbili za kubeba uzito. Hahitaji jimu. Kukaa na kusimama kwenye kiti mara 10, seti tatu. Kusukuma ukuta mara 10, seti tatu. Madumu mawili ya lita 5 yenye maji, atembee nayo mita 50, apumzike dakika, mara nne. Ikizidi kuwa rahisi, aongeze marudio mawili kila wiki. Kifua kikibana au pumzi ikikata, asimame hapohapo na aende hospitali.

---

Kijana_wa_Pasua

Wakuu Mungu awabariki. Sindano ya Jumatatu nimeshaipigia simu, tumeifuta. Jumatatu hiyohiyo tunaanza na jasho: makohozi na picha ya kifua. Jumatano asubuhi damu, kisha barua ya rufaa kwenda kitengo cha mkojo, hospitali ya KCMC, ikihitajika. Swali la mwisho: asubuhi ya Jumatano akiwa hajala, vidonge vyake anywe?

---

Dawa_na_Dozi

Amlodipini anywe na maji kama kawaida, usiiache presha ipande ukumbini. Metformini aibebe mfukoni, anywe na chakula baada ya damu kutoka. Bendrofluazaidi anywe akirudi nyumbani, asije akawa anatafuta choo kwenye foleni. Na mbebee chapati na chai isiyo na sukari kwenye chupa, ale mara tu sindano ikitoka mkononi.